Ubovu wa Makusudi

Kwa ninyi nyote mliokuwa mkinisimamisha njiani wiki nzima, mkiniuliza kama Fransisko aliiwasha pampu kwanza, jibu ni hili: hakuiwasha.

Aliingia karakana ya Kiwanda cha Kamba cha Bondwa, akawaamkia wakubwa wa kamati, akachukua spana, akazunguka nyuma ya pampu na kupiga goti. Hakumimina maji. Hakusikiliza mlio. Hakuuliza mgonjwa anaumwa wapi. Mkono wake ulikwenda moja kwa moja kwenye nati ya bomba la kunyonyea maji, ile iliyofunikwa na gunia, akaikaza, kisha akainuka na kujifuta jasho ambalo halikuwapo.

"Tayari," akasema.

Meneja akabonyeza swichi. Pampu ikavuta maji kama ndama aliyekawia kunyonya. Meneja akapiga makofi, akamwambia Katibu kwamba katika maisha yake hajaona fundi mwepesi namna hii.

Ignas hakupiga makofi. Alisimama pale na mikono yake nyuma, uso umemparama, kwa sababu yeye ndiye aliyeilegeza ile nati asubuhi ile kwa mkono wake mwenyewe. Fundi anayeponya mashine bila kuisikia ikiugua si fundi. Ameambiwa.

Tuelewane kwanza, maana wako wasomaji waliofungia dagaa gazeti la wiki iliyopita.

Fundi wa boila aliyetangulia pale Bondwa aliingia kazini kwa vyeti vizuri na mjomba mzuri zaidi. Siku moja boila likaishiwa maji, naye hana habari. Watu wawili wakaungua kwa mvuke, mmoja hana macho mpaka leo. Ndipo Ignas, fundi mkuu, alipoiambia kamati kwamba kuanzia sasa hakuna atakayegusa boila kwa sababu ya karatasi. Tutaiharibu pampu ya akiba kwa makusudi, akasema, na kila mwombaji autafute ubovu mbele ya macho yetu. Si kwamba atengeneze tu. Tumwone anavyotafuta.

Katibu wa tawi la chama, Ndugu Shamsia, mwanamke mwenye sauti ya chini ambayo wanaume wakubwa walikuwa wakiinama kuisikia, aliafiki. Lakini aliona jina la Fransisko kati ya waombaji, akauliza huyu ni nani. Ignas akasema ukweli, kwamba ni kaka wa mkewe. Shamsia akatoa sharti lake: ikibainika kwamba siri ya mtihani imetoka kinywani mwa fundi mkuu, atakabidhi funguo siku hiyohiyo, maana undugunaizesheni ndio uliowaunguza wale wawili. Ignas alikubali pale pale, tena kwa kifua mbele. Ndivyo aapavyo mtu mwenye imani na nyumba yake.

Maskini, imani yenyewe ilikuwa na matundu.

Siku chache kabla ya hapo, akiwa mezani, Ignas alimsimulia mkewe Theresia ubovu aliokusudia kuuweka: kipande cha mpira chini ya vali, ndani ya kifuniko cha juu. Alisimulia kwa majivuno tu ya mtu aliyependezwa na akili yake. Wakati huo hakujua kwamba Fransisko ameomba kazi. Siku moja kabla ya mtihani, Fransisko akashuka kutoka Mlali na kikapu cha kabichi, akalala kwao. Shemeji atalala wapi kama si kwa dada yake?

Basi alfajiri Ignas aliamka na roho ya wasiwasi, akawahi kiwandani, akautoa ule mpira na kuilegeza ile nati ya nyuma badala yake. Pampu ni nzito, akamwita Rehani amsaidie kuisogeza. Walipokuwa wakimaliza, Theresia akatokea mlangoni na chupa ya chai.

Watu wawili, basi. Rehani na Theresia. Mmoja wao amemuuza.

Rehani alikuwa mtunza stoo na mwenyekiti wa kamati ya wafanyakazi, Mnyamwezi aliyezaliwa Ngerengere, baba yake mtu wa reli. Yeye na Ignas Mluguru walikuwa watani, na utani wao ulikuwa burudani ya kiwanda kizima. Asubuhi ile, wakiwa wameinama juu ya pampu, Rehani alimwambia, "Mluguru, kaburi lako nimeshalichimba. Leo jioni nakufukia." Ignas akacheka mpaka spana ikamponyoka. Mtani akikuambia atakuzika, unamwambia achimbe kwa upana. Nani amewahi kumkasirikia mtani?

Kwa hiyo Ignas hakumfikiria Rehani hata kidogo. Alimfikiria mkewe, na kadiri alivyomfikiria ndivyo moyo ulivyomchoma. Hata Pili, mwombaji mwenzake Fransisko, binti aliyetoka jeshi la kujenga taifa, hakumkumbuka tena, ingawa Pili ndiye aliyeufanya mtihani inavyopasa: aliiwasha pampu, akaweka sikio, akasikia inavuta upepo badala ya maji, akalifuata bomba kwa viganja kutoka kwenye tangi hadi akaifikia nati. Alichukua muda mrefu. Meneja alipiga miayo. Ignas yeye alikuwa ameshamwajiri moyoni.

Kamati ilipokwenda kula, Ignas alipanda baiskeli mpaka Mwembesongo.

Theresia alikuwa uani anachambua mboga. Alipomwona mumewe saa ile, na uso ule, aliweka ungo chini.

"Ulimwambia kaka yako?"

Yapo mambo mengi ambayo mwanamke mwingine angeyasema hapo. Theresia hakusema hata moja.

"Nilimwambia."

Ignas akakaa juu ya kinu. Aliuliza kwa nini, na hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayemwuliza daktari.

"Watoto wangu ni wa ukoo wetu, Baba Filomena," Theresia akasema. "Unajua, hukuja Uluguru jana. Ukifumba macho wewe, wapwa zako watashuka mlimani kuja kuchukua nyumba na baiskeli, na hawatakuwa na kosa. Mimi na wanangu tutarudi kwa nani? Kwa Fransisko. Nimwache akapalilie kabichi mpaka azeeke, na mume wangu ndiye mwenye kazi mkononi?"

Ignas alikuwa mwana wa mlima uleule. Alijua kwamba huko kwao mke ni dada wa mtu kwanza, ndipo awe mke. Alikuwa akilijua hilo tangu utotoni, na bado lilimuuma kama jambo jipya. Mwanamke aliyezaa naye watoto watatu alikuwa amekwisha kumpigia hesabu ya kufa.

Aliinuka aondoke. Kisha, kwa kutaka tu kujiumiza zaidi, akauliza alimwambia nini hasa.

"Mpira. Kwamba umeweka kipande cha mpira chini ya vali, afungue kifuniko cha juu."

Ignas akasimama.

"Na asubuhi, ulipoleta chai, hukuona tulichokuwa tunafanya?"

"Ningeona nini? Mlikuwa mmenipa migongo. Rehani akaja mbio mlangoni kupokea chupa, akaniambia nirudi nyumbani, hapa pana hatari."

Msomaji, kuna uchungu wa kusalitiwa, halafu kuna uchungu wa kugundua kwamba ulikuwa unamlilia msaliti asiye wako. Mkewe alikuwa amemsaliti kweli, lakini usaliti wake haukufika popote. Fransisko angeufuata, angefungua kifuniko cha juu na kukuta patupu. Hakukifungua. Alikwenda nyuma.

Ignas alirudi kiwandani akiisukuma baiskeli, hakukumbuka kuipanda. Nje ya geti alimkuta Fransisko anakula mihogo, mdomo unang'aa mafuta. Kijana yule akasimama kwa adabu, akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Shemeji, Mungu akuzidishie. Ujumbe wako ulinifikia."

"Ujumbe gani?"

"Wa asubuhi. Ndugu Rehani alinivuta kando akaniambia umenituma salamu, kwamba umeuhamisha ubovu, niende nyuma kwenye nati chini ya gunia. Hee, bila wewe ningeaibika mbele za watu."

Hakuwa anadanganya. Alikuwa na uso wa mtu aliyepewa zawadi na anayemshukuru mwenye kutoa. Ignas alimtazama, akaona jinsi atakavyoyasema maneno yaleyale mbele ya kamati, kwa moyo mweupe uleule.

Alimkuta Rehani stoo, anapanga makopo ya grisi. Rehani hakuruka wala hakushtuka. Alipanga kopo lake la mwisho, akafuta mikono kwa kitambaa.

"Nilikuambia asubuhi," akasema. "Nilikuambia kaburi nimeshalichimba. Ukacheka."

"Nilicheka kwa kuwa wewe ni mtani wangu."

"Na mdogo wangu je, alikuwa nani wako?"

Hapo Ignas akakumbuka. Mwaka uliopita mdogo wake Rehani aliletwa kujaribiwa kazi ya ufundi, Ignas akampa spana mbele ya zamu nzima, kijana akaishika kama mwiko wa ugali. Ignas alimrudisha na mzaha mmoja mtamu, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kijana alirudi Ngerengere siku ileile na hakukanyaga tena Morogoro.

"Mdogo wako alikuwa hajui kushika spana, Rehani."

"Najua kwamba alikuwa hajui. Nimekua naye. Lakini ungeniita pembeni ukaniambia mimi kaka yake. Wewe ulimfanya ngoma." Rehani alisema hayo bila kupandisha sauti. "Sasa leo tutacheza yako."

Miaka yote ile walikuwa wakila sahani moja.

Kamati ilikaa tena. Ignas hakungoja kuulizwa. Alisema mtihani wa Fransisko ufutwe kwa kuwa aliujua ubovu kabla, na kwamba anayestahili kazi ni Pili. Shamsia akamwuliza Fransisko nani alimwambia. Fransisko akaangalia chini, akaangalia shemeji yake, akajibu kwamba ni shemeji mwenyewe.

Kabla Ignas hajafungua kinywa, Rehani alisimama.

Naye akakiri. Hapo ndipo mtamjua Rehani alivyo hatari, maana mwongo wa kawaida angekana. Alisema ni kweli yeye ndiye aliyeupeleka ujumbe. Alisema Ignas alimwagiza, naye akaona vibaya, lakini fundi mkuu ni mkubwa wake kazini na rafiki yake, akashindwa kukataa. Dhamiri imemsumbua tangu asubuhi, kwa hiyo yuko tayari kwa adhabu yoyote. Aliongea kwa huzuni, na huzuni yenyewe haikuwa ya uongo yote.

Wajumbe wakaguna. Ignas alisema si kweli, akasema mara ya pili. Ukweli ukirudiwa na mtu aliyekasirika hufanana sana na uongo.

Mara mlango ukasukumwa. Theresia aliingia, khanga imemlegea kwa mwendo, pumzi juu juu. Alikuwa amemfuata mumewe kwa miguu kutoka Mwembesongo. Hakungoja kukaribishwa.

"Mume wangu hana kosa," akasema. "Mimi ndiye niliyemwambia kaka yangu siri ya mtihani. Kama ni kufunga, nifungeni mimi."

Shamsia akamtazama, na kwa ile sauti yake ya chini akamwuliza swali moja tu.

"Na wewe mama, nani alikuambia?"

Theresia akamgeukia mumewe, akaona usoni mwake kwamba ameharibu kila kitu. Alikuwa amekuja kumwokoa, na badala yake ameuleta ushahidi uliokuwa haupo.

"Yeye," akasema.

"Ndugu Ignas," Shamsia akasema, "funguo."

Ignas akazitoa mfukoni, akaziweka mezani. Hakuona haya kwa sababu ya Rehani wala kwa sababu ya Theresia. Aliona haya kwa sababu Shamsia alikuwa na haki. Siri ilitoka kinywani mwake kweli, akiwa mezani kwake, akijisifu.

Ingeishia hapo, ningekuwa nimewapa hadithi ya huzuni tu na mngelala salama. Lakini Meneja alikuwa na katani imerundikana na boila limelala siku nyingi, na wilaya inauliza uzalishaji. Aliuliza sasa nani atawasha. Shamsia akasema mtihani urudiwe wiki ijayo na waombaji wote waitwe upya. Meneja akasema wiki ijayo ni mbali.

Rehani ndiye aliyetoa ushauri. Kijana Fransisko hakuiba, akasema, alipewa. Mikono ni yake na nati ameikaza. Kwa nini asijaribiwe leo kwenye boila lenyewe? Yeye Rehani atakuwa karibu kumwangalia.

"Naam," Meneja akasema, "tena huo ndio mtihani wa vitendo hasa."

"Boila si la kumjaribia mtu," Ignas akasema. "Mpeni pampu, mpeni baiskeli yangu aifungue. Siyo boila."

Rehani akatabasamu kidogo, akasema ni kawaida ya mtu aliyenyang'anywa kitu kutaka wenzake wasikiguse. Wajumbe wawili watatu wakacheka. Shamsia hakucheka. Aliandika kwamba hakubaliani, lakini kazi ya kiwanda ilikuwa ya Meneja.

Ignas akasindikizwa hadi nje ya geti. Askari wa zamu, ambaye kila siku alikuwa akimpa shikamoo, leo alimpa mgongo na kufunga kufuli. Ignas alidhani mkewe anakuja nyuma yake. Aligeuka, akamwona Theresia amesimama kule ndani kando ya kaka yake, wanasemezana. Hakumfuata. Basi amechagua, Ignas akajiambia, na moyo wake ukawa mzito kuliko alipokuwa anatoa zile funguo.

Ilimpasa aende zake. Alishika usukani wa baiskeli, akauacha. Wingu lilikuwa limeufunika mlima mpaka kiunoni, na watu walikuwa wakipita na vikapu vyao kwenda sokoni, wanamwamkia. Aliwaitikia bila kuwaona. Alikuwa anatazama dohani la boila. Moshi ulianza kutoka, ukawa mnene, ukawa mweusi, upesi mno kwa moto wa mtu anayejua anachokifanya.

Akaona Fransisko anatoka kwenye nyumba ya boila, anakuja mbio mpaka kwenye seng'enge. Safari hii jasho lilikuwapo.

"Shemeji, samahani," akasema kwa sauti ya chini, kama mtoto anayeibia jibu. "Kile kioo cha maji. Maji yanatakiwa yaonekane wapi?"

"Umeshawasha moto?"

"Kitambo."

"Na kioo kinaonyesha nini?"

"Hakina kitu. Kitupu."

Ignas akauliza Rehani yuko wapi. Fransisko akasema alimwonyesha mlango wa tanuri, akaaga kwamba anafuata grisi stoo, na mpaka sasa hajarudi. Alikuwa anamngojea huyo, ndipo akaona heri aje kwa shemeji.

Ignas akazishika nyaya za seng'enge, miiba ikamwingia viganjani. Boila kavu lenye moto chini yake ni chuma kilichoiva. Ukiliacha litaharibika, na uharibifu ni wa kiwanda. Ukiliingizia maji baridi katika hali hiyo, maji yote yanageuka mvuke kwa mara moja, na hakuna ukuta wa kuuzuia.

"Nisikilize, Fransisko. Usifungulie maji. Hata tone. Rudi ukatoe moto, uutoe wote nje, halafu watu wakae mbali."

"Mimi sijafungulia, shemeji. Nimemwachia dada."

"Umemwachia nini?"

"Ameshika gurudumu la vali ya maji. Alikataa kukufuata, alisema atabaki anisaidie nisiharibu, labda Meneja akifurahi atakurudishia kazi yako. Nimemwambia nakuja kukuuliza, nikimpungia mkono afungulie."

Kutoka pale kwenye seng'enge mlango wa nyumba ya boila ulionekana vizuri, umeachwa wazi. Ndani yake ilionekana khanga ya Theresia, na mikono yake miwili juu ya gurudumu. Macho yake yalikuwa kwa kaka yake.

"Mkimbilie," Ignas akasema. "Mkimbilie umwambie aliache."

Lakini Fransisko alikuwa ameshaingiwa na hofu, naye aliona kukimbia kutachelewa. Alifanya ambavyo angefanya mtu yeyote anayetaka kumkataza aliye mbali. Akageukia mlangoni, akainua mkono juu, akaanza kuupunga.